Bahasha Nusu Ndani, Nusu Nje

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tatu kufika saa nne asubuhi, na bahasha ya zabuni ilikuwa imekwama kwenye mdomo wa sanduku la halmashauri. Nusu ndani, nusu nje. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Najua mmeniapiza. Msomaji mmoja alinisimamisha dukani, mkate mkononi, akaniuliza, "Imeingia au haijaingia?" Nikamwambia anunue gazeti. Haya, umelinunua. Twende.

"Sukuma!" alisema Mama Futi.

"Nasukuma, mama!" alijibu mkwe wake.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Mama Futi ni fundi cherehani, anaitwa hivyo kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata akienda kuoga. Huyu mwingine ni mke wa mwanawe, na mtaani wanamwita Kifungu. Nyaraka za zabuni zina kurasa arobaini na mbili, naye amezisoma mara tatu, na sasa hata ukimwomba chumvi anakutajia kifungu.

Wanachotaka ni kazi moja tu: kushona mashuka elfu moja na mia mbili ya vituo vya afya vya halmashauri. Wakiipata, mafundi wao sita wana kazi mwaka mzima. Wakiikosa, karakana inafungwa mwisho wa mwezi.

"Mama, umetia nini humu?" Kifungu alihema. "Jana niliiacha nyembamba, inasubiri tarakimu na sahihi yako tu."

Mama Futi akatazama dari.

"Mama?"

"Shuka."

"Shuka gani?"

"Sampuli. Si wamesema wanataka sampuli? Nikalikunja, nikalipiga pasi, nikalitia, nikaziba."

"Sampuli inapelekwa stoo! Kifungu cha kumi na tisa!"

"Wewe na vifungu vyako! Sukuma!"

Nyuma yao mtu akakohoa. Hawakuhitaji kugeuka. Manukato yalishawafikia.

Alikuwa Bwana Mihuri. Miaka minane mfululizo mtu huyu ameshinda zabuni ya mashuka na hajawahi kumiliki hata sindano. Ana mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba ana mihuri ya kampuni saba, kila mmoja kwenye kisanduku chake kama vito. Na ana tabia moja: hutumbukiza bahasha yake dakika ya mwisho kabisa, ili mtu asije akainusa bei yake.

Leo tabia hiyo ilikuwa inamgeuka.

"Samahani, akina mama. Tokeni nami nitie yangu."

"Tutoke vipi? Huoni imekwama?"

"Basi ichomoeni!"

"Ikichanika haipokelewi," alisema Kifungu. "Kifungu cha ishirini na mbili."

Bwana Mihuri akatazama saa. Dakika mbili.

Akamgeukia Afisa Ununuzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliyesimama pembeni na rejista yake kifuani. "Afisa, fanya kitu!"

"Siruhusiwi kugusa bahasha iliyo sandukuni."

"Lakini haimo sandukuni!" alisema Mama Futi. "Imo nusu!"

"Isiyopita mdomoni inapokelewa mezani, kwa mkono. Mngeniletea mezani."

"Basi ipokee!"

"Hiyo iko mezani?"

"Iko nje nusu."

"Nusu ya nje si mezani, mama."

Dakika moja na nusu. Hapo, wasomaji wangu, nilishuhudia jambo ambalo halijawahi kuonekana katika historia ya zabuni. Bwana Mihuri aliweka mkoba chini. Akaitupa tai yake nyuma ya bega. Akakunja mikono ya shati, akaweka viganja juu ya bahasha ya washindani wake, akasukuma.

"Moja, mbili, tatu!"

Wapi.

"Nyie mnasukuma kama watu waliokatazwa chai!" alifoka. "Pamoja! Moja, mbili..."

"Ngojeni!" Mama Futi akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa kipande cha sabuni, kile cheupe ambacho mafundi huchorea kitambaa. Akakipaka kwenye kingo za mdomo wa sanduku, huku na huku, bila haraka, kama aliyebakiziwa siku nzima. "Zipu ikikwama haipigwi ngumi. Inabembelezwa. Haya. Taratibu. Upande wangu kwanza. Sasa wako."

Bahasha ikasita. Ikajikunja. Ikateleza.

Pu!

Kifungu akaruka. Mama Futi akaruka, futi ikampiga usoni. Bwana Mihuri naye akaruka, akampigia Mama Futi makofi, akasema, "Mama wewe ni fundi!" Kisha akakumbuka yeye ni nani.

Akainama haraka, akafungua mkoba, akachomoa bahasha yake mwenyewe, safi, nyembamba, akaielekeza sandukuni.

Rejista ya Afisa Ununuzi ikatua juu ya mdomo wa sanduku.

"Saa nne kamili," alisema. "Tumefunga."

"Nilikuwa nawasaidia hawa!"

"Nimeona. Umefanya uungwana."

"Miaka minane, Afisa!"

"Saa nne ni saa nne."

Uso wa Bwana Mihuri ukabadilika rangi mara mbili. Akawanyooshea kidole wale wanawake waliokuwa bado wanacheka, na hasira zikamtoa maneno ambayo angelipa vizuri kuyarudisha.

"Mnadhani mmeshinda? Humo ndani nina nyingine!"

Ukumbi mzima ukageuka. Hata mfagiaji aliacha kufagia.

"Umesemaje?" aliuliza Afisa Ununuzi.

"Nimesema... nina shughuli nyingine. Ndani. Ofisini."

"Mzabuni mmoja, zabuni moja," alisema Kifungu kwa sauti tamu. "Akileta mbili kwa kujificha, zote zinatupwa. Kifungu cha saba."

Afisa Ununuzi alivuta kalamu. Alifungua rejista, akaandika mstari mmoja, akapuliza wino ukauke.

Ufunguzi ulianza saa nne na nusu katika chumba cha mikutano, mbele ya wazabuni wote, kama inavyotakiwa. Viti vya plastiki, meza yenye kitambaa cha kijani, feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Bwana Mihuri alikaa nyuma kabisa. Alisema yeye amekuja kama mwananchi tu, mpenda maendeleo.

Bahasha tatu za kwanza zilipita kama upepo. Moja haikuwa na sahihi, moja haikuwa na cheti cha kodi, ya tatu haikuwa na dhamana, na bei yake ilikuwa kubwa hata mwenyewe akaona haya iliposomwa.

Ya nne ilikuwa ya kampuni yenye jina refu la kupendeza.

"Mwakilishi yupo?"

Akasimama kijana mmoja, suti mpya, lebo ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono. Kifungu alimtambua mara moja. Mama Futi naye alimtambua. Nusu ya chumba ilimtambua. Alikuwa dereva wa Bwana Mihuri.

"Wewe ni nani katika kampuni?" aliuliza Afisa Ununuzi.

"Mkurugenzi."

"Hongera. Jina la kampuni?"

Dereva akafungua kiganja chake cha kushoto, akakitazama. Jasho lilikuwa limefanya kazi yake. Akakigeuza upande. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Inaanza na 'N'," alisema.

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mzabuni mmoja, muuza magodoro, alianguka na kiti chake. Bwana Mihuri alikuwa anatazama nje kama mtu anayehesabu ndege.

"Tuendelee," alisema Afisa Ununuzi, ingawa mdomo wake ulikuwa unamsumbua. "Bei, milioni hamsini na mbili. Bahasha ya tano."

Hiyo ndiyo ile nene.

Aliikata kwa mkasi upande mmoja. Shuka, lililokuwa limebanwa tangu jana, likajifyatua kama lenye uhai, likaruka juu ya meza na kumfunika Afisa Ununuzi mpaka magotini.

"Na hii?"

"Sampuli," alisema Mama Futi.

"Sampuli, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na..."

"Najua," alisema Kifungu kwa sauti ndogo.

Afisa Ununuzi alianza kulikunja. Vidole vyake vikafika kwenye pindo, vikasimama. Akaipapasa mishono, mbele na nyuma. Akaipapasa tena. Alikaa na lile pindo muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyodai, kisha akaliweka kando kwa heshima.

"Dhamana ipo. Leseni ipo. Cheti cha kodi kipo. Bei..." Akasita. Akavaa miwani vizuri. "Bei kwa tarakimu: milioni tatu na laki sita."

Wazabuni wakatazamana. Halafu Bwana Mihuri akawa wima juu ya kiti.

"Elfu tatu kila shuka!" Alikuwa analia kwa kucheka. "Hata uzi haupati! Wapeni! Wapeni leo leo, nitawasaidia kubeba vitambaa!"

Kifungu akapiga hesabu upya kichwani. Milioni thelathini na sita. Walikubaliana milioni thelathini na sita, walipiga hesabu mezani wiki nzima. Sifuri moja ilikuwa imeanguka njiani, na ukishinda kwa bei hiyo unalazimika kushona kwa bei hiyo, au unapoteza dhamana yako.

"Wasomi hao," alisema mzabuni wa magodoro akiwa bado sakafuni. "Anasoma kurasa arobaini, sifuri inamshinda."

"Nani aliandika hapa?" aliuliza Afisa Ununuzi.

Kifungu alijua ni nani. Yeye aliandika maneno. Tarakimu aliziacha zijazwe na mwenye kutia sahihi. Akainua mkono.

"Ni mimi," alisema.

"Anadanganya."

Mama Futi alikuwa amesimama. Futi ilikuwa imelegea shingoni, naye alikuwa ameishika ncha zote mbili kama mtu anayeshikilia kamba.

"Sifuri ni yangu. Macho yangu hayaoni karibu tena. Mwaka wa pili huu natunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, na nimewaficha wote nyumbani. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi. Mwanangu huyu hana kosa."

Kicheko kilikatika kama umeme.

Miaka sita wanawake hawa wameishi nyumba moja. Miaka sita Mama Futi amemwita "wewe", na "binti wa watu", na akiwa na hasira sana, "mke wa huyo mtoto wangu". Kifungu aligeuka kuangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayeitwa mwanangu.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na feni tu.

"Kaa, mama," alisema, akimvutia kiti.

"Sikai! Wewe ndiye usimame! Sema kifungu!"

"Kifungu gani?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye vifungu ni wewe!"

Kifungu akafumba macho. Kurasa arobaini na mbili zikapita kichwani mwake kama karata. Akayafumbua.

"Thelathini na moja!" alisema. Halafu akapaza sauti, "Kifungu cha thelathini na moja! Tarakimu zikipishana na maneno, yanayoshika ni maneno!"

Afisa Ununuzi akashusha kidole mstari mmoja chini. Akasoma polepole, ili kila mtu apate.

"Bei kwa maneno: milioni thelathini na sita." Akamtazama Bwana Mihuri. "Maneno ndiyo yanayoshika."

Mzabuni wa magodoro, yule yule, alianza kupiga makofi. Mama Futi alimkumbatia mkwe wake kwa nguvu mpaka futi ikawafunga wote wawili, na ikabidi dereva mwenye suti mpya aje kuwafungua. Bei ya chini kuliko zote! Bwana Mihuri alishuka kwenye kiti taratibu, mguu mmoja mmoja.

"Tulieni!" Afisa Ununuzi aligonga meza. "Leo tunasoma tu. Kushinda au kushindwa ni kazi ya kamati ya tathmini. Na kamati inataka kwanza kuona karakana za wazabuni wawili waliokamilisha nyaraka. Inakwenda leo, saa sita kamili, kama nyaraka zinavyosema, bila taarifa ya mapema. Mkurugenzi, karakana yako iko wapi?"

Nilitarajia dereva atazimia. Lakini safari hii hakutazama kiganja. Alitoa karatasi mfukoni, iliyochapwa vizuri, akaisoma kama mwanafunzi.

"Nyuma ya soko la nguo. Jengo la ghorofa moja. Mlango wa bluu. Mashine nane za kushonea."

"Weee!" Mama Futi aliruka. "Huo ni mlango wangu!"

"Ulikuwa," ilisema sauti ya nyuma.

Bwana Mihuri alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeamka mapema kuliko wenzake.

"Mwenye nyumba ameniuzia jengo jana mchana. Ni langu, na karakana nimempangisha huyu mkurugenzi. Sisi wengine ni wananchi tu, tunapenda maendeleo."

"Mashine ni zetu!" alisema Kifungu.

"Sijasema si zenu. Nimesema zimo ndani ya mlango wangu."

Afisa Ununuzi alivua miwani, akaiacha ining'inie. Alifungua zabuni ya nne, akafungua ya tano, akaziweka ubavu kwa ubavu. Anwani moja. Mlango mmoja.

"Sijawahi kuona," alisema. "Basi kamati itabisha hodi saa sita. Itaandika itakachokikuta: nani yuko ndani, anashona nini, na jina gani liko mlangoni. Kikao kimefungwa."

Walitoka mbio. Saa tano na dakika kumi. Mama Futi alivua viatu kwenye ngazi za halmashauri, akavitia kwapani, na nawaambia, mama huyu ana miaka sitini lakini Kifungu ndiye aliyeachwa nyuma.

Uwanjani, karibu na magari, Kifungu alipiga simu karakana. Alipokea fundi mkuu wao, mwanamke mcheshi wanayemwita Pindo. Leo hakuwa anacheka.

"Dada, nyie mko wapi? Sisi tuko nje!"

"Nje wapi?"

"Nje barabarani! Sote sita! Wamekuja watu na karatasi, wamebadilisha kufuli. Mashine zimo ndani, hata miwani yangu imo ndani."

Mama Futi akaivuta simu karibu. "Pindo! Jina letu bado lipo mlangoni?"

"Limefutwa, mama. Kuna mchoraji amepanda ngazi, anaandika jingine."

"Mshusheni! Mwageni rangi yake!"

Pindo akasogea pembeni. Zilisikika pikipiki, na mtu akipiga mluzi kwa mbali.

"Mama, nikikwambia ni nani, utasema nimechanganyikiwa."

"Sema!"

"Ni mwanao."

Mwanawe wa pekee. Mume wa Kifungu. Mchora vibao ambaye Jumatatu aliwaaga kwa begi dogo, akawaambia amepata kazi mji mwingine na hatarudi mpaka baada ya wiki mbili.

Kifungu alimshika Mama Futi mkono, au Mama Futi ndiye aliyemshika yeye. Walikuwa wanasikiliza ule mluzi. Wote wawili waliujua. Mmoja alimsikia mtoto akijifunza kuupiga, mwingine uliwahi kumwita dirishani enzi za uchumba.

"Mpe simu!" walisema kwa pamoja.

Wakasikia hatua za Pindo. Wakasikia mnong'ono. Wakasikia brashi ikigonga kopo. Halafu wakasikia kicheko cha mchoraji, kile cha kurusha kichwa nyuma, cha mtu ambaye siku yake inakwenda vizuri kabisa.

Pindo akarudi.

"Amekataa. Anasema ana rangi mikononi."

Lango la halmashauri lilifunguliwa. Gari la Bwana Mihuri likatoka, na mkurugenzi alikuwa kwenye usukani. Nyuma yake, gari la kamati lilikuwa tayari linanguruma.

"Na anasema msije," Pindo aliongeza, sasa kwa kunong'ona. "Anasema mama na Kifungu wakitokea hapa kabla ya saa sita, wataharibu kila kitu."

"Tutaharibu nini?" Kifungu alipiga kelele. "Pindo! Tutaharibu nini?"

Simu ikakatika.